Baada ya Agosti 1998, Stakishari, Kibiti na Kitaya: ugaidi umetubadili vipi?

Mwalimu wa Uraia, Temeke

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika shule moja ya sekondari hapa Temeke. Wiki iliyopita tulifika kwenye mada ya usalama wa taifa, nikawauliza wanafunzi wa kidato cha nne ugaidi unawahusu vipi wao. Kijana mmoja mwenye akili nyingi, anayekaa dawati la mbele, alisimama akajibu kwamba ugaidi ni matatizo ya Somalia na ya Wamarekani, na kwamba sisi Watanzania tunausikia tu kwenye taarifa ya habari. Darasa zima liliafiki. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa Dar es Salaam, na askari wanane walipouawa Kibiti mwaka 2017 walikuwa bado watoto wadogo wa shule ya msingi.

Ningeweza kuwaandikia ubaoni tarehe za mashambulio wakazikariri kwa ajili ya mtihani, lakini sitaki kuishia hapo. Nataka waelewe jambo ambalo mimi mwenyewe sijalipatia maneno: maiti zikishazikwa na vifusi vikishazolewa, ni nini hubaki kimebadilika katika nchi? Jambo la pili linanisumbua zaidi. Je, nchi iliyoshambuliwa hivi imepigwa vita, au imetendewa jinai? Nauliza kwa sababu jibu ndilo linaloamua atumwe nani, mwanajeshi mwenye bunduki au mpelelezi na hakimu, na pia linaamua sisi raia wa kawaida tutatazamwaje wakati kazi hiyo inaendelea. Naomba mwenye kumbukumbu, mwenye taaluma au aliyeguswa na mambo haya anisaidie.

Mzee wa Kinondoni

Mwanangu mwalimu, nimefurahi kwamba swali hili linaulizwa darasani. Mwaka 1998 nilikuwa fundi umeme, na asubuhi ile ya Ijumaa nilikuwa ndani ya nyumba moja Oysterbay, mitaa michache kutoka Barabara ya Laibon ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Ilikuwa yapata saa nne na dakika arobaini. Nilikuwa juu ya ngazi nimeshika waya wa taa ya dari. Kabla sijasikia sauti yoyote, niliona vioo vya dirisha, vile vya vipande vipande, vikichomoka vyote kwa pamoja kwenye fremu na kuingia ndani, kisha ndipo mshindo ukafika. Ukafuata ukimya ambao sijaupata tena maishani, halafu mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Nilipotoka nje nilimkuta mama aliyekuwa akiuza maandazi chini ya mwarobaini amesimama, ameshika kifuniko cha ndoo mkononi, na maandazi yote yamefunikwa na vumbi jeupe. Alikuwa akiuliza swali moja tu mfululizo: "Ni gesi? Ni gesi?"

Haikuwa gesi. Lilikuwa lori lililojazwa mabomu. Lilipofika langoni lilishindwa kupita kwa sababu gari la kubebea maji la ubalozi lilikuwa limesimama mbele yake, na tangi lile lilipokea sehemu kubwa ya mlipuko. Walikufa watu 11, wengi wao walinzi na watumishi wa kawaida, na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Nairobi, ambako bomu jingine lililipuka dakika chache kabla ya hili letu, walikufa 213. Mwambie kijana wako wa dawati la mbele kwamba hapa Dar es Salaam, katika wafu wale 11 wa "matatizo ya Wamarekani", hakuwamo Mmarekani hata mmoja.

Lakini nililotaka kusema hasa ni hili. Ushahidi uliotolewa mahakamani New York ulionyesha kwamba bomu lile lilitengenezwa katika nyumba ya kupanga Ilala. Aliyeipanga alikuwa Mtanzania mwenzetu. Alikamatwa Cape Town mwaka 1999, na mwaka 2001 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ilala, mwalimu! Si porini, bali katikati ya watu wanaoazimana chumvi. Nilikulia katika utaratibu wa mjumbe wa nyumba kumi, ambapo mgeni hakulala usiku wa pili bila mjumbe kujua ametoka wapi na amefuata nini. Katika miaka ile ya tisini utaratibu huo ulikuwa umelegea, na geti refu likawa ishara ya heshima, kwa hiyo jirani akaona si adabu kuuliza. Na baada ya mlipuko tulifanya kosa la kinyume chake: tukaanza kuulizana kwa chuki. Mimi ni Mwislamu, na nakumbuka jinsi wapangaji vijana wenye ndevu na kanzu walivyoanza kukosa vyumba katika mtaa ambao baba zao walikuwa wakichangia mazishi ya kila mtu. Bomu lilibomoa jengo moja, lakini jambo hilo la vyumba liliendelea kwa miaka.

Wakili Upanga

Shikamoo mzee, na asante kwa ushahidi huo. Mwalimu, nitajibu swali lako la vita na jinai, kwa kuwa ndilo ninalolifanyia kazi.

Mataifa hayajakubaliana hadi leo juu ya tafsiri moja ya ugaidi inayowafunga wote, kwa sababu anayeitwa gaidi upande mmoja wa mpaka huitwa mpigania uhuru upande wa pili, na sisi tuliowahifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika hapa Dar es Salaam tunalijua jambo hilo kuliko wengi. Hata hivyo, baada ya mashambulio ya Septemba 2001 kule Marekani, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1373, ambalo liliitaka kila nchi ifanye ugaidi na ufadhili wake kuwa kosa la jinai. Ndipo Bunge letu likatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na mwaka 2006 ikafuata sheria dhidi ya utakasishaji wa fedha haramu. Kwa hiyo sheria yetu ilikwisha kuchagua: ugaidi ni jinai. Kuna mtuhumiwa, kuna ushahidi, kuna hakimu. Marekani, kwa upande wake, ilijibu milipuko ya 1998 kwa njia zote mbili, kwani tarehe 20 Agosti mwaka uleule ilirusha makombora Afghanistan na Sudan, ambako kilibomolewa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, na hapohapo wapelelezi wake walikuwa hapa wakiokota vipande vya chuma kwa ajili ya mahakama. Hukumu zilizotokana na vipande vile zipo mpaka leo. Sijui mtu anayeweza kutaja usalama uliotokana na makombora yale.

Tatizo letu limekaa ndani ya jinai yenyewe. Kosa la ugaidi halina dhamana. Mtu akishaandikwa neno hilo kwenye hati ya mashtaka, atakaa mahabusu mpaka upelelezi ukamilike, na upelelezi unaweza kukamilika leo au baada ya miaka. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoondoa mashtaka wakarudi makwao. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, alishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2021 na kuachiwa tarehe 4 Machi 2022 kwa njia hiyohiyo, baada ya zaidi ya miezi saba. Sisemi haya kwa ushabiki wa chama wala wa dini. Ninayasema kwa sababu kila mara neno zito kama hili linapotumiwa halafu kesi ikafutwa bila hukumu, raia hujifunza kutoliamini, na siku gaidi wa kweli atakapotajwa, nusu ya nchi itadhani ni siasa. Hilo nalo ni pengo katika usalama wa taifa.

Mzee, nina angalizo moja kuhusu mjumbe wa nyumba kumi. Jirani anayekujua ni kinga. Jirani aliyepewa kazi ya kukuripoti ni jambo jingine kabisa, na mtaa mzima huitambua tofauti hiyo ndani ya wiki moja.

Askari Mstaafu

Wakili, naheshimu taaluma yako, lakini wewe unakutana na jambo hili likiwa tayari limeshawekwa kwenye faili. Mimi nililikuta barabarani. Mwezi Julai 2015 watu wenye silaha waliingia kituo cha polisi Stakishari, hapahapa Dar es Salaam, wakaua na kupora bunduki. Agosti 2021 mtu mmoja aliwaua polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa, mchana kweupe, magari yakiwa kwenye foleni. Watu wa namna hii huwezi kuwaita kikaoni. Lazima dola iwe na nguvu, iwe na taarifa za mapema, na iwe na uwezo wa kumzuia mtu kabla hajatenda, jambo ambalo sheria za kawaida za wizi na ugomvi hazikuandaliwa kulifanya.

Nakubaliana nawe kwa jambo moja tu, ila ni kubwa. Kabla ya Stakishari, kituo kidogo cha polisi kilikuwa mlango wazi. Mama aliyepigwa na mumewe saa saba za usiku aliingia moja kwa moja mpaka kaunta. Baada ya pale, sisi wenyewe tulianza kumtazama mikono kila anayeingia kabla ya kumtazama uso, na tulikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa tulikuwa tumewazika wenzetu. Lakini mama yule aliona jinsi alivyotazamwa. Kuna walioacha kuja.

Mrufiji wa Mbagala

Naomba niongeze habari ya kwetu, kwa sababu naona Kibiti inatajwa kwa jina tu.

Watu wengi wanaikumbuka tarehe 13 Aprili 2017, jioni ile askari wanane walipoviziwa na kuuawa. Waliosahaulika ni wale waliotangulia na waliofuata: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama wa ngazi ya chini kabisa, waliouawa mmoja mmoja katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wengine milangoni mwao, na watu waliokuja na pikipiki usiku. Mwalimu, waeleze wanafunzi wako wafikirie kwa nini mtu mwenye bunduki ahangaike na mwenyekiti wa kijiji asiye na mshahara, mwenye baiskeli moja na shamba la mihogo. Mimi nimelifikiria sana. Mtu yule ndiye aliyejua nani mgeni, nani amehama ghafla, kijana gani ameacha shule na haonekani tena msikitini wala mpirani. Ukimuua yeye, serikali inabaki na magari na silaha lakini haina macho.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa wenyeviti hao. Mwezi Mei mwaka ule alifika kwangu Mbagala alfajiri akiwa na mfuko mmoja wa plastiki, akalala kwenye mkeka sebuleni kwa miezi. Hakutaka kuketi karibu na dirisha. Pikipiki ikipita nje, mazungumzo yalikatika mpaka sauti yake ipotelee mbali, na unaijua Mbagala, pikipiki hazikatiki. Siku moja nilimuuliza ofisi ameiacha kwa nani. Akaniambia kwamba mhuri wa kijiji ameufunga ndani ya kipande cha khanga, akautia kwenye kopo la maziwa na kuufukia nyuma ya nyumba, ili asije akauawa mtu mwingine kwa kukutwa nao.

Kwa miezi yote ile mhuri ukiwa ardhini, kijijini hapakuwa na barua ya utambulisho. Bila barua hiyo mtoto hapelekwi sekondari, mgonjwa hapati msamaha wa matibabu, mtu hafungui akaunti wala hawezi kumdhamini ndugu yake aliyekamatwa. Na waliokamatwa walikuwa wengi, maana serikali ilianzisha kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, vizuizi vikajaa barabarani, na pikipiki zikazuiwa kutembea usiku. Wajawazito wa kwetu hupelekwa hospitali kwa pikipiki. Mauaji yalikoma, na ninashukuru kwa moyo wote kwamba yalikoma. Lakini ziko familia ambazo vijana wao walichukuliwa na hazijapata taarifa mpaka leo, na mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiyaandika mambo haya akiwa Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Kwa hiyo, wakili na afande, nyote mnasema kweli kwa upande wenu. Kwetu hofu ilianza na watu wa pikipiki, baadaye ikahamia kwa magari, na katika nyumba nyingi mpaka sasa hakuna anayesimulia alichokiona kwa upande wowote.

Mfanyabiashara wa Kariakoo

Mimi nanunua korosho na ufuta Mtwara kwa miaka mingi, na nitajibu kuhusu vita kwa yale ninayoyajua ya mpakani.

Mwezi Oktoba 2017, miezi michache baada ya mambo ya Kibiti kutulia, kikundi chenye silaha kilivamia mji wa Mocímboa da Praia katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Kilianza kama jinai, kwa kushambulia vituo vya polisi. Miaka minne baadaye kilikuwa vita kamili: Machi 2021 walivamia Palma, Aprili kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wa gesi wa mabilioni ya dola, na Julai yakaingia kwanza majeshi ya Rwanda, kisha ya nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, likiwamo Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Watu waliokimbia makazi yao walikaribia milioni moja. Kwa hiyo, mwalimu, naona swali lako lina jibu la tatu, kwamba jinai iliyopuuzwa hukua ikawa vita. Vijana wa kule walikuwa wakilalamikia ardhi, ajira na madini ya vito muda mrefu kabla mtu hajawapa bunduki na mafundisho.

Na mpaka wenyewe ni Mto Ruvuma, ambao wakati wa kiangazi sehemu nyingine unavukwa kwa miguu. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili, shangazi huku na mpwa kule, na Kiswahili kinasemwa kote, hata na wapiganaji wenyewe katika mikanda yao ya video. Oktoba 2020 walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu, wakaua na kuchoma nyumba. Msimu uliofuata nilimkuta mama ninayemnunulia ufuta amehamishia magunia yake kwa mdogo wake Mtwara mjini. Shamba lake lilikuwa mita mia tatu kutoka mtoni, lenye rutuba kuliko yote, na alikuwa ameliacha liote majani. Alisema jambo ambalo limebaki kichwani mwangu: zamani mtu akipiga mbinja kutoka ng'ambo, walijua ni ndugu anaomba mtumbwi, lakini sasa ikipigwa, kila mtu anazima taa.

Mwalimu wa Uraia, Temeke

Ndugu zangu, nimesoma majibu yenu mara mbili. Nimeamua mada hii nisiianze na Mogadishu wala New York. Kesho kutwa nitaianza na nyumba ya kupanga ya Ilala, kisha nitawapa wanafunzi kazi ya kwenda, kila mmoja, kumuuliza mwenyekiti wa mtaa wake kama anamjua yeye mwanafunzi kwa jina, na wataniandikia mwenyekiti alivyojibu. Muda ukituruhusu nitawapeleka Makumbusho ya Taifa, ambako ipo kumbukumbu ya waliokufa mwaka 1998. Mzee, nikipata kibali cha mkuu wa shule, nitakuomba uje uwasimulie kuhusu mama wa maandazi.

Ndugu Mrufiji, nina swali moja kwako. Mhuri ule ulipatikana?

Mrufiji wa Mbagala

Ulipatikana, mwalimu. Baba mdogo alirudi mwaka 2018 baada ya mvua, akalichimbua kopo mwenyewe. Mpini wa mti ulikuwa umeliwa na mchwa wote, lakini mpira wa chini ulikuwa mzima, na herufi za jina la kijiji zilisomeka. Aliushikilia kwa vidole viwili akagonga barua ya kwanza, ya binti aliyekuwa amesubiri mwaka mzima ili apelekwe chuo cha ualimu.